Wageni kwenye Faili la Norbert

Norbert Skalko alikuwa na masharubu aliyoyalea tangu atoke jeshini, na hakuna mtu chuoni kwetu aliyewahi kuuona mdomo wake wa juu. Kila asubuhi aliyapaka nta na kuyasokota ncha mpaka zikasimama kama pembe za mbuzi. Ukitaka kujua hali yake ya moyo, hukuwa na haja ya kumuuliza, uliangalia tu ncha zimeelekea wapi.

Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kompyuta. Hii ilikuwa Tamarack Falls, Minnesota, mwaka 1980, na nikisema kompyuta nina maana ya moja tu, kubwa kama makabati mawili ya nguo, iliyokaa kwenye chumba cha chini cha jengo la hisabati ikipulizwa ubaridi mwaka mzima. Hata Februari ilipulizwa ubaridi, wakati sisi wengine tulikuwa tukipulizwa bure huko nje. Kila mtu aliitumia kwa waya kutoka ofisini kwake: wanafizikia, wanahisabati, wanafunzi, na sisi wapiga chapa watatu wa ghorofa ya pili, tuliokuwa tukiandika humo vitabu na ripoti za maprofesa.

Mkubwa wetu alikuwa Ardis Huebner, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aliyesahihisha kurasa kwa kuweka rula ya chuma chini ya kila mstari na kusoma neno moja moja kama anayechambua mchele. Wa pili alikuwa Verna Pacholski, mcheshi, mwenye mapenzi makubwa na samaki wa kopo aitwaye tuna. Wa tatu nilikuwa mimi, Connie Maki, mgeni wa mwaka mmoja tu kazini.

Sasa, Januari ile Norbert alikwenda kwenye mkutano wa waangalizi wenzake huko Chicago, akarudi amebadilika. Aliambiwa huko kwamba kompyuta za aina yetu zina matundu kila mahali. Watengenezaji wake walikuwa marafiki waliokaa chumba kimoja wakaaminiana, kwa hiyo hawakujisumbua na makufuli. Mwangalizi mmoja alisimama mbele ya watu akaeleza kwa machozi jinsi wanafunzi wake walivyojipa mamlaka ya mkubwa wa mashine, yule anayeweza kusoma, kubadili na kufuta chochote cha mtu yeyote. Norbert alirudi na daftari limejaa. Alijifungia na mashine wiki mbili, akaziba alichoweza kuziba, kisha akabandika tangazo kwenye ubao wa jengo.

Tangazo lilisema kwamba kompyuta yake haiingiliki tena. Ndani ya mashine, ambamo kila mtumiaji ana nyumba yake ya mafaili, ameweka faili liitwalo WAGENI nyumbani kwa mkubwa wa mashine, mahali ambapo ni mkubwa mwenyewe tu anayeweza kuandika. Kwa atakayeweza kuandika jina lake humo kabla ya Ijumaa mchana, Norbert atanyoa masharubu yake mwenyewe, na mkuu wa kitivo atashuhudia.

Jengo zima lilichangamka. Wanafunzi walijazana kwenye chumba cha skrini mpaka dirisha likatoka jasho. Wanafizikia, ambao kwa kawaida hawakupatana hata kuhusu saa ya chai, waliunda kamati. Kuna kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliyejaribu maneno ya siri elfu moja na mia nane, yote yakihusu masharubu. Hakuna aliyefanikiwa. Jumatatu ikapita, faili likabaki tupu, na ncha za masharubu zikapanda mpaka karibu na macho.

Sisi ghorofa ya pili hatukujaribu chochote. Tulikuwa na kitabu cha kurasa mia nne kuhusu mawe ya chokaa, na zaidi ya hayo tulikuwa na chakula cha Ijumaa cha kupanga.

Chakula cha Ijumaa kilikuwa jambo letu. Kila mmoja alileta sahani yake, na kila wiki tulialika mtu mmoja au wawili wa kutoka kwingine. Ardis aliweka orodha yake kwenye kompyuta: nani analeta nini, nani amealikwa. Tatizo ni kwamba Verna na mimi tulikuwa tunasahau kuifungua, na kuna Ijumaa moja tulikula jeli ya aina tatu bila kitu kingine. Basi Ardis akafikiri. Akaona kwamba kila asubuhi, jambo la kwanza tunalofanya tukiwasha skrini ni kuiuliza mashine nani yumo, ili tujue kama wanafizikia wamekwisha kuiteka printa. Amri ya kuuliza hivyo ilikuwa neno moja fupi, tuseme NANI. Ardis akaandika kiprogramu cha mistari miwili na kukipa jina hilohilo, NANI, akakiweka ndani ya kabati la mafaili, la humohumo kwenye kompyuta, tulilotumia sisi watatu. Ukisimama kwenye kabati letu na kupiga NANI, mashine ilikuonyesha waliomo kama siku zote, na kimyakimya ilichukua orodha ya chakula na kuweka nakala nyumbani kwako, kwenye faili ambalo Ardis, kwa sababu orodha ilikuwa ya wageni, aliliita WAGENI.

Alifanya hivyo mwezi wa Oktoba. Hakumwambia mtu isipokuwa sisi, maana haikumhusu mtu isipokuwa sisi.

Jumanne asubuhi Norbert alifungua faili lake akiwa na kahawa mkononi. Tulisikia baadaye kwamba kahawa iliishia kwenye suruali. Faili lilikuwa limeandikwa hivi:

HUEBNER keki ya tufaha. PACHOLSKI tambi na tuna, krispi juu. MAKI jeli ya kijani, karoti ndani. WAGENI WA WIKI HII: fundi bomba Elroy na mkewe. VITUNGUU HAPANA.

Hakupiga kelele. Aliifuta orodha, akabadilisha neno lake la siri, akafunga mlango wa chumba cha mashine kwa funguo mbili, na kwa usalama zaidi akauwekea kiti. Kisha akakaa kufikiri. Majina yalikuwa yetu watatu, ila hakuamini kwamba wapiga chapa wanaweza kumfanyia hivyo, na ukichunguza sana kutoamini huko hakukuwa heshima. Aliona kuna mtu mwerevu anayejificha nyuma yetu. Hata hivyo, kwa vile yeye ni mtu wa kufuata ushahidi, akaamua kutuchunguza. Akaingia kwenye kabati letu la mafaili akiwa na mamlaka ya mkubwa wa mashine, akapekua barua na kurasa za mawe ya chokaa, na kila baada ya dakika chache akapiga NANI, aone kama tumo.

Aliporudi kwenye faili lake, keki ya tufaha ilikuwa imesharudi.

Hivyo ndivyo wiki ilivyokwenda. Kadiri alivyotushuku ndivyo alivyotupeleleza, na kadiri alivyotupeleleza ndivyo chakula kilivyorudi. Alifuta mara nne Jumanne, mara tisa Jumatano. Alipokwenda nyumbani kulala hakuna kilichoandikwa. Alipokaa kulinda, kiliandikwa. Kutokana na hilo akahitimisha kwamba mvamizi anamwona. Akafunika dirisha la chumba cha mashine kwa kitambaa cha meza, ingawa chumba kile kilikuwa chini ya ardhi na dirisha lake lilitazamana na theluji tupu.

Jumatano mchana Verna aligundua kwamba dukani hakuna tambi, akabadilisha sahani yake kuwa maharage na soseji. Ardis akasahihisha orodha. Nusu saa baadaye Norbert aliona kwamba mvamizi amebadili maneno, na hapo akaamini kuwa ni ujumbe wa siri. Alizichapa nakala zote mbili na kuzipeleka kwa Dakta Lindgaard wa hisabati, mtu ambaye wakati wa vita, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amefumbua siri fulani ambazo bado haruhusiwi kuzitaja. Dakta Lindgaard aliahirisha masomo mawili. Alihesabu herufi, akazipanga kwa mraba, akazisoma kinyumenyume. Alhamisi asubuhi alileta majibu: aliyeandika ni mtu mmoja, ana mpangilio, na hapendi vitunguu. Kuhusu kutoka tuna kwenda maharage, alisema huenda ni onyo.

Siku hiyohiyo Norbert alianza kutuhoji mmoja mmoja. Mimi aliniita kwenye korido karibu na bomba la maji, akaniuliza Jumanne saa mbili asubuhi nilikuwa wapi. Nilimwambia nilikuwa nasukuma gari langu kwenye theluji. Akaniuliza nani anaweza kushuhudia. Nikamwambia ni yeye, kwa sababu alinipita. Aliandika jibu hilo kwenye daftari. Verna naye alipoulizwa kama maharage yana maana yoyote, alisema yana maana kubwa asiyoweza kuieleza mbele za watu, na Norbert akaandika hilo pia.

Norbert hakumwita Ardis. Kwa Ardis alikuja mwenyewe, mnamo saa tisa alasiri, mimi na Verna tukiwa mezani kwetu tunajifanya kuchapa. Ncha za masharubu zilikuwa zimelala kabisa. Alikuwa hajanyoa ndevu, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kuvua samaki kwenye barafu. Aliweka mbele ya Ardis ile karatasi iliyochapwa, akashika mgongo wa kiti.

"Bi Huebner," alisema, "nimeshindwa. Sikuombi chochote ila uniambie umeingiaje."

"Niingie wapi?"

"Kwenye mashine. Kama mkubwa."

"Norbert, mimi hata hicho chumba cha mashine sijui kina mlango upande gani." Ardis alivaa miwani, akatazama karatasi. "Hii umeipata wapi? Si orodha yangu hii ya kesho?"

Norbert alieleza. Alieleza kila kitu, tangazo, faili, funguo mbili, kiti, kitambaa cha meza, Dakta Lindgaard. Ardis alisikiliza bila kumkatiza, ila alipofika kwa Dakta Lindgaard mdomo wake ulicheza kidogo. Mwisho alivuta kiti cha pili, akamwambia akae mbele ya skrini na afanye mambo yote aliyoyafanya tangu asubuhi, hatua moja moja, asiruke hata moja, kama mtu anayesahihisha ukurasa.

Norbert akafanya. Aliingia kama mkubwa wa mashine, huku akificha neno la siri kwa kiganja. Alionyesha faili la WAGENI, tupu. Akapiga NANI. Yakatokea majina ya waliomo. Akaangalia faili, bado tupu.

"Haya, endelea," akasema Ardis.

Norbert alisita. Akasema baada ya hapo hakufanya chochote cha maana.

"Nilisema usiruke."

Basi akahamia kwenye kabati letu. Masikio yake yalianza kuwa mekundu kuanzia juu. Akapiga NANI tena, majina yaleyale yakatokea, akarudi kwenye faili, na keki ya tufaha ilikuwa imekaa pale.

Ardis aliinua rula yake, akaigusisha kwenye skrini, chini ya ule mstari alioupiga Norbert.

"Hapa. Uliposema NANI mara ya kwanza ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na mara ya pili?"

"Kwenye kabati lenu."

"Na kwenye kabati letu ulikuwa unatafuta nini, Norbert?"

Norbert alianza kuikunja karatasi yake. Verna aliacha kujifanya anachapa. Ardis hakumsukuma zaidi. Alimwonyesha tu kile kiprogramu chake cha mistari miwili, akamweleza jeli ya aina tatu na kila kitu. Nilimwona Norbert akisoma ile mistari, midomo ikitembea. Alielewa mapema kuliko sisi. Alituambia kwamba mashine, ukiipa amri, haiendi kwanza kwenye ghala la amri zake. Inatazama kwanza pale pale uliposimama. Ikikuta kitu chenye jina hilo inakifanya bila kuuliza kimeandikwa na nani, na inakifanya kwa mamlaka ya aliyeiamuru. Hata Jumatatu usiku, kabla hajamshuku mtu, alikuwa amezungukia makabati yote kukagua, na kwetu pia alipiga NANI.

"Kwa hiyo aliyeandika kwenye faili lako ni wewe," alisema Verna.

"Ni mimi."

"Wiki nzima."

"Verna, mwache," alisema Ardis.

Norbert alikuwa anawaza jingine, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba mistari ile miwili ingeweza kuwa mistari yoyote. Ingeweza kusema futa kila kitu. Miaka sita ya kazi ya chuo, vitabu, mishahara, mawe ya chokaa, vyote angevifuta kwa vidole vyake mwenyewe huku akitazama orodha ya waliomo. Aliomba maji. Nilimletea, akanywa yote, akaomba mengine.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Alisema wiki hii ameisoma orodha ile mara nyingi kuliko alivyopata kusoma kitu chochote, pamoja na orodha za zamani alizozikuta kabatini. Ameona majina ya wageni wote. Fundi bomba. Mwanamke wa maktaba. Yule bwana wa kusafisha theluji, mara mbili. Yeye amekaa jengo hili miaka sita, mbona jina lake halimo hata mara moja?

"Hukuwahi kupanda huku juu," alisema Ardis, kama anayejitetea. "Sisi tulidhani hutupendi."

"Mimi nilidhani mnachunga printa tu, hamna haja na watu."

"Tunachunga printa pia," alisema Verna.

Ardis alichukua kibao cha herufi, akaongeza neno moja kwenye orodha. Sikuona alichoandika, ila Norbert aliona, akapenga kamasi kwa sauti ya tarumbeta.

Ijumaa mchana mkuu wa kitivo, Oftedahl, alishuka chumba cha chini akiwa na koti lake refu kushuhudia matokeo. Kulikuwa na watu thelathini hivi kwenye ngazi. Jioni ya Alhamisi tulikuwa tumemwambia Norbert kwamba hakuna anayemdai masharubu, kwa vile hakuna aliyejaribu kuingia na aliyeingia ni yeye. Norbert alijibu kwamba tangazo lilisema atakayeandika, halikusema isipokuwa yeye. Asubuhi alikuja ameyanyoa.

Sijui niueleze vipi uso ule. Mdomo wa juu ulikuwa mrefu na mweupe, kama ukurasa uliosahauliwa kuchapwa, na ulimfanya aonekane mwenye umri wa miaka kumi na miwili na mwenye mashaka. Oftedahl alisimama mbele yake hatua moja, akatazama kushoto na kulia, akamuuliza, "Samahani kijana, Skalko yuko wapi?" Norbert akasema ni yeye. Oftedahl akasema hana muda wa mizaha. Ilibidi Dakta Lindgaard amthibitishe, naye alithibitisha baada ya kumtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Norbert alieleza mbele ya wote kilichotokea, bila kupunguza chochote, hata kile kitambaa cha meza. Watu walicheka sana. Kisha akaonyesha lile tundu, akalitumia mbele yao, na kicheko kikapungua, maana kila mmoja alianza kuhesabu makabati ambayo yeye mwenyewe amewahi kusimama akapiga amri bila kufikiri. Kuliziba kulimchukua Norbert dakika nne. Kuanzia siku ile mkubwa wa mashine akawa anatafuta amri ghalani tu, hapo aliposimama asitazame kabisa.

Baada ya hapo akafanya jambo lililonifanya nimheshimu. Alimpelekea Ardis rundo la karatasi, programu zote za mashine zilizochapwa, karibu unene wa matofali mawili, akamwomba azisome kwa rula. Ardis alimwambia haelewi hata nusu ya lugha ile. Norbert alisema ndiyo maana anamtaka yeye, wanaoielewa wanaruka mistari. Basi alisoma, ukurasa mmoja mmoja, kila siku kabla ya kazi, akiweka alama ya penseli pembeni kila mahali ambapo kitu kinaaminiwa bila kuulizwa. Kufikia kuyeyuka kwa theluji alikuwa amepata matundu tisa na makosa ya tahajia mia mbili na kumi na moja, na ni hayo ya pili yaliyomkasirisha.

Oftedahl alitaka kumpa cheo kipya, ila cheo chenyewe kilikuwa na mikutano kila Jumatatu. Ardis akakikataa. Wakaelewana kwamba Norbert atahudhuria mikutano, naye Ardis ataendelea na penseli.

Norbert aliona si haki kuyaficha matundu yale tisa, akaandika barua kwa vyuo kumi na viwili vyenye mashine kama yetu. Wengi walishukuru. Kimoja cha Dakota kilituma kopo la asali. Ila mwangalizi wa chuo kimoja, ambacho sitakitaja, alijibu kwa karatasi nzito yenye nembo, kwamba anashukuru kwa kujali kwetu, lakini mashine yake ameshaifunga mwenyewe na haiingiliki na mtu yeyote.

Norbert aliandika majibu ya kurasa nne, kwa mkono, kwa hasira, na michoro. Akampa Ardis achape. Ardis aliyasoma yote kwa rula, akasahihisha koma saba, kisha akaanza kukata. Alikata mpaka ikabaki sentensi moja, akaichapa safi katikati ya ukurasa, akampa Norbert aweke sahihi.

Ilisema: "Tumefurahi sana kusikia hivyo."